Zipu, Mshono na Kilo Saba: Begi la Mgongoni Lilivyoingia Ndani ya Ndege

Begi la mgongoni halifi lote kwa siku moja. Huanza kufia mahali padogo: meno ya zipu yanaachana, uzi unakatika pale mkanda wa bega unapokutana na mfuko, au ganda la ndani linabanduka na kunata kwenye nguo. Kitambaa kilichobaki kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini safari imekwisha kuharibika. Anayetafuta begi la kuingia nalo ndani ya ndege, begi la kumfaa miaka kumi na zaidi, hana budi kupajua mahali hapo padogo. Kila mojawapo ya sehemu hizo ina historia yake, na waliozitengeneza wengi hawakuwa na habari ya abiria wa ndege: wawindaji, maseremala, wanakemia, wauza viatu vya mvua na washonaji waliokuwa na cherehani sebuleni.

Swali la kwanza lililowasumbua wote lilikuwa moja: uzito ukae wapi mwilini?

Mwaka 1991, watalii wawili waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, waliona maiti imejitokeza kwenye barafu. Ilikuwa ya mwanamume aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Pamoja na shoka lake la shaba na podo la mishale, palikuwa na fito iliyopindwa na vibao viwili vyembamba, vitu ambavyo watafiti wengi wanaviona kuwa fremu ya kubebea mzigo mgongoni. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na majibu yake. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, Mnyamwezi aliweka mzigo begani, mtu wa pwani akauweka kichwani, na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, haukuwa wa ajabu. Wanawake wa Kikuyu walibeba kuni mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso. Hadi leo, kwenye njia za Kilimanjaro, mpagazi huweka begi la mgeni kichwani huku vitu vyake mwenyewe vikiwa kwenye shanta mgongoni.

Begi tunalolijua leo lilipata umbo lake Norway. Mwaka 1908, Ole F. Bergan alirudi kutoka mawindoni amechoshwa na shanta lililoning'inia na kumvuta mabega nyuma. Alichukua tawi la mreteni, akalipinda lifuate umbo la mgongo wake, kisha akalifunga kwenye mfuko. Mwaka uliofuata alipata hataza, na tawi likageuka kuwa bomba jembamba la chuma. Fremu hiyo ilienea haraka kwa wawindaji, wapanda milima na majeshi. Askari wa Uingereza hadi sasa huliita shanta lao kubwa kwa jina linalotokana na la Bergan.

Ng'ambo ya Atlantiki, Lloyd Nelson wa jimbo la Washington alikwenda Alaska mwanzoni mwa miaka ya 1920, akaazimwa kibebeo cha wenyeji wa huko: ngozi ya sili iliyowambwa juu ya vijiti. Kilikuwa kizito na hakikumpa raha, lakini wazo lake lilimkaa. Aliporudi alitengeneza fremu ya mbao iliyowambwa turubai, yenye mfuko unaoweza kuchomolewa, akapata hataza mwaka 1924. Walinzi wa misitu na maskauti wa Marekani walilitumia begi hilo kwa miongo kadhaa. Jambo moja katika kazi ya Nelson linastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa: mfuko ulipochakaa, mwenye begi alibadilisha mfuko peke yake na kubaki na fremu. Uimara wa wakati huo ulikuwa pamoja na uwezo wa kutengenezeka.

Kisha akaja Dick Kelty, seremala wa Glendale, California. Mwaka 1951 alikuwa akitembea na rafiki yake katika milima ya Sierra Nevada wakiwa na mafremu ya mbao, mabega yakiwauma. Wakajaribu kuchomeka ncha za chini za fremu ndani ya mifuko ya nyuma ya suruali zao. Papo hapo uzito ukahama kutoka mabegani ukakalia nyonga. Mwaka 1952 Kelty alianza kuuza mabegi yake: fremu ya mabomba ya aluminiamu yaliyobaki kwenye viwanda vya ndege, kitambaa cha nailoni ya parachuti, na mkanda wa kiunoni. Yeye alikunja na kuchomelea mabomba, mkewe Nena akashona mifuko. Mwaka wa kwanza waliuza mabegi 29 kwa dola 24 kila moja. Miaka 11 baadaye, Wamarekani wa kwanza kufika kilele cha Everest walikuwa na mabegi ya Kelty.

Fremu hiyo ya nje iliyokuwa neema mlimani iligeuka kero uwanja wa ndege. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya vijana wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa nchi kavu kupitia Uturuki, Iran na Afghanistan hadi India na Nepal. Tony na Maureen Wheeler walipita njia hiyo na mwaka 1973 wakachapisha kijitabu cha mwongozo kilichoanzisha Lonely Planet. Mabegi ya vijana hao yalikuwa na mabomba yaliyochomoza na mikanda iliyoning'inia. Juu ya keria ya basi hayakuwa na shida. Kwenye mikanda ya mitambo ya uwanja wa ndege yalinasa, yakapinda, yakachanika.

Dawa ilikwisha kupatikana. Mwaka 1967, Mmarekani Greg Lowe alishona begi lenye fremu iliyofichwa ndani ya kitambaa, ili limkalie mpanda mlima mgongoni bila kuyumba anapokwea mwamba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, washonaji wa mabegi ya safari walilichukua wazo hilo na kuongeza mambo mawili: zipu inayozunguka pande tatu ili begi lifunguke kama sanduku, na kifuniko cha kuficha mikanda ya mabega. Hapo ndipo lilipozaliwa begi la safari tunalolijua leo, lenye mgongo wa shanta na tumbo la sanduku. Lakini tangu siku hiyo maisha ya begi yamekuwa mikononi mwa zipu.

Zipu yenyewe ilichukua muda mrefu kuaminiwa. Whitcomb Judson wa Chicago alipata hataza mwaka 1893 kwa kifungio cha kulabu alichokusudia kwa mabuti. Kilikwama, kikafunguka chenyewe, wateja wakakikimbia. Mhandisi mzaliwa wa Sweden, Gideon Sundback, aliacha kulabu akatumia meno yanayoingiana, yaliyobanwa kwenye utepe, na hataza yake ilitoka mwaka 1917. Mwaka 1923 kampuni ya mpira ya B. F. Goodrich iliweka kifungio hicho kwenye viatu vya mvua, na jina la zipu likaenea duniani. Kijana mpanda milima wa Marekani, Gerry Cunningham, aliishona kwenye begi la mgongoni mwaka 1938, wakati wengi bado walifunga kwa kamba na bizimu.

Aliyeifanya iwe ya kutegemewa na watu wote ni Mjapani. Tadao Yoshida alifungua karakana yake Tokyo mwezi Januari 1934. Machi 1945 mabomu ya Marekani yaliteketeza jiji, na kiwanda chake kikaungua. Yoshida alirudi Toyama, mkoa alikozaliwa, akaanza upya. Mwaka 1950 aliagiza mashine kutoka Marekani, akaichunguza, na baadaye kampuni yake, YKK, ikajenga mashine zake yenyewe. Siri yake ilikuwa kutotegemea mkono wa mtu mwingine: kampuni iliyeyusha metali yake, ikasokota nyuzi zake, ikafuma utepe wake. Zipu mbovu kwa kawaida ni ya vipande visivyolingana, jino kutoka huku na kichwa kutoka kule, na Yoshida aliiziba njia hiyo kabisa.

Namba iliyochongwa nyuma ya kichwa cha zipu ina maana. Namba 5 ina meno yenye upana wa karibu milimita 5 yakiwa yamefungwa, namba 8 karibu milimita 8, namba 10 karibu milimita 10. Namba 5 inatosha mfuko wa nje wa kuwekea pasipoti. Zipu kuu, ile inayovutwa kwa nguvu begi limeshiba, inataka namba 8 au 10. Mabegi mengi ya safari hutumia zipu ya nailoni iliyosokotwa mfano wa springi, na ina faida moja kubwa: ikipasuka katikati, mara nyingi hurudi sawa kichwa kikirudishwa nyuma kisha kikavutwa tena. Inapokataa, kosa kwa kawaida si la meno. Ni kichwa kilicholegea kwa kutumika, na fundi mwenye koleo hukibana au kukibadilisha kwa muda mfupi.

Kitambaa nacho kina safari ndefu. Turubai la pamba lililotumiwa na Bergan na Nelson lilikuwa na nguvu, ila likilowa huongezeka uzito, na likiwekwa bichi hushika ukungu. Tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Delaware, kikundi cha mwanakemia Wallace Carothers kilipata nailoni. Carothers alifariki mwaka 1937, kabla dunia haijaiona kazi yake. Umma ulitangaziwa mwaka 1938, soksi ndefu za wanawake zikaingia madukani mwaka 1940, wanawake wakapanga foleni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, nailoni yote ikageuzwa parachuti, kamba na nyuzi za matairi. Aina moja nzito ilifumwa kwa ajili ya fulana za kuwakinga marubani na vipande vya makombora. Fulana haikuzuia risasi vizuri, lakini kitambaa hicho kigumu kilibaki, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Tumi ilikifanya maarufu kwenye mabegi ya wafanyabiashara.

Kitambaa kinachotajwa zaidi na wasafiri leo, Cordura, kilianza kwa njia nyingine. DuPont iliandikisha jina hilo mwaka 1929 kwa uzi wa rayoni, na wakati wa vita uzi huo ulitumika ndani ya matairi ya magari ya jeshi. Nailoni iliposhinda kwenye matairi, jina likahamishiwa mwaka 1966 kwenye uzi mpya wa nailoni uliopulizwa kwa hewa hadi ukawa na vinyweleo vidogo. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoipa Cordura mguso wake wa kukwaruza na kuifanya istahimili msuguano. Kwa muda ilibaki rangi za jeshi tu, kwa kuwa haikupakika rangi vizuri. Njia ya kuipaka rangi ilipatikana mwaka 1977, na haikuchukua miaka mingi ikawa imeenea kwenye mabegi ya wanafunzi na wasafiri.

Hapa mnunuzi anahitaji uangalifu, kwa sababu namba za kitambaa hupotosha kirahisi. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Hupima unene wa uzi, haisemi uzi huo ni wa nini. Begi la poliesta la denia 600 linasikika kama lina nguvu kuliko la nailoni la denia 500, lakini kwa kusuguliwa sakafuni na kwenye ukuta wa daladala, nailoni nzuri hudumu zaidi. Poliesta ina sifa yake pia: hustahimili jua kuliko nailoni. Mtu ambaye begi lake hushinda juani mwaka mzima asiidharau.

Kuna adui mwingine, na pwani yetu inamjua vizuri. Kitambaa cha begi hupakwa ndani ganda jembamba la poliyurethani ili maji yasipenye. Unyevu na joto hulivunja ganda hilo polepole. Begi lililokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja linaweza kuanza kunata na kutoa harufu kali kabla halijasafiri mara nyingi, wakati pacha wake aliye nchi kavu na baridi bado yu mzima. Begi la mtu wa pwani halitaki kufungiwa kabatini. Linataka kukauka, kupata hewa na kutumika.

Mshono ndio sehemu isiyotangazwa na yenye thamani kuliko zote. Kampuni mbili za Marekani zilianza na mtu mmoja mbele ya cherehani. Seattle, mwaka 1967, Murray Pletz alikuwa amebuni fremu ya aluminiamu iliyoshinda shindano, akamwambia mchumba wake Jan Lewis kwamba akikubali kuolewa naye na kumshonea mabegi, kampuni itaitwa kwa jina lake. Ndivyo ilivyozaliwa JanSport, pamoja na binamu ya Murray, Skip Yowell. Miaka ya 1970, duka la Chuo Kikuu cha Washington lilianza kuuza mabegi yao madogo ya mlimani kwa wanafunzi waliotaka kukinga vitabu na mvua isiyokwisha ya Seattle, na desturi ya mwanafunzi kubeba vitabu mgongoni ikaenea kutoka vyuoni.

Mwingine ni Mike Pfotenhauer, aliyeanza kushona mabegi akiwa kijana na kufungua Osprey huko Santa Cruz, California, mwaka 1974. Alimpima mteja mgongo na kumshonea begi lake mwenyewe. Mwaka 1990 aliihamishia kampuni Colorado, ambako washonaji wengi walikuwa Wanavaho, na mwaka 2003 alihamia Vietnam na familia yake ili awe karibu na viwanda vilivyokuwa vikishona mabegi hayo. Kampuni yake ilikubali kutengeneza begi la mwaka wowote, hata lililonunuliwa na mtu mwingine. Ahadi kama hiyo, na ile ya JanSport ya kutengeneza begi maisha yake yote, iliwalazimisha wabunifu kuwaza jinsi mshono utakavyofumuliwa siku ya matengenezo. Huo ni uaminifu wa fundi kwa mtu asiyemjua, na ndiyo sababu mabegi ya wakati ule bado yanaonekana.

Yanaonekana hasa kwetu. Gikomba ya Nairobi, Karume ya Dar es Salaam na Owino ya Kampala zimepokea mabegi ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na mchaguzi mzoefu wa mitumba hana haja ya kusoma lebo. Huligeuza begi ndani nje. Hutazama kama kingo za kitambaa zimevishwa utepe au zimeachwa zinanyofoka. Huvuta mkanda wa bega kwa nguvu akitafuta mshono mzito wa kurudiarudia, ule wa nyuzi nyingi zilizobanana kwenye kipande kidogo. Hupitisha zipu kwenye kona, kwa sababu kona ndiko zipu inakokwama kwanza. Maarifa hayo ni mali, na yanafaa vilevile dukani mbele ya begi jipya la bei kubwa.

Ndege ndizo zilizoweka mipaka ya mwisho. Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, ilikuja na makabati yenye milango juu ya viti, badala ya rafu za wazi. Mwaka huohuo Bernard Sadow alifikiria kutia magurudumu kwenye sanduku. Hataza yake ilitoka mwaka 1972. Mwaka 1987 rubani Robert Plath alilisimamisha sanduku wima kwenye magurudumu mawili na mpini wa kuvuta, na wahudumu wa ndege wakalipenda. Kwa miaka 20 begi la mgongoni lilionekana kuwa la vijana wasio na fedha.

Mambo mawili yalilirudisha. Mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuzuia njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, chupa za ndani ya ndege zikawekewa mpaka wa mililita 100. Mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la kukabidhiwa, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Kila mtu akataka kuingia na mzigo wake ndani. Mwaka 2015 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilipendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Abiria walilalamika kwa nguvu na pendekezo likasimamishwa ndani ya siku chache. Hadi sasa kila shirika lina kipimo chake.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, uzito ndio unaobana kuliko urefu. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines hutoa kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida. Kenya Airways hutoa 12. Ndege ndogo nyingi zinazotua kwenye viwanja vidogo vya Serengeti na Maasai Mara hukubali kilo 15 tu kwa jumla, na hutaka mabegi laini yanayokubali kubanwa, kwa kuwa sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege hiyo. Hapo begi la mgongoni lina ushindi usio na ubishi.

Hapo pia ndipo uimara wa kupita kiasi unapogeuka hasara. Begi la Cordura ya denia 1000, la aina iliyotokana na mahitaji ya jeshi, linaweza kuwa na karibu kilo moja na nusu likiwa tupu. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya kilo 7, imelipiwa na haijabeba hata shati. Kwa safari za kawaida, nailoni ya denia 420 hadi 500, zipu kuu ya namba 8 au 10, mikanda iliyoshonwa kwa mishono mizito na kingo zilizovishwa utepe vinatosha kabisa, na begi la lita 30 hadi 35 lililo tupu lisizidi kilo moja na robo. Mkanda wa kiunoni wa Kelty ni mzuri kwa kilo 15 za mlimani. Kwa kilo 7 unaweza kuachwa. Usinunue lenye zipu isiyo na namba wala jina, hata kama kitambaa chake ni kizuri namna gani.